Kamba ya Bassou

Landrova ya Bassou ilikuwa kuukuu, na yeye hakuipenda, ilimlisha tu. Kila siku ya gulio ilibeba watu na kondoo wa kijiji cha juu, ikipenya msitu wa mierezi katika milima ya Atlasi. Mwaka huo Lahcen wa kijiji cha chini akanunua gari jipya lenye viti laini. Wanawake wa juu, waliozoea kumchagua dereva mmoja wa majira yote ya baridi, wakasema watajionea wenyewe nani anafaa. Mvua ya kwanza ilipokatika, wakajigawa katika magari mawili.

Kwenye mwinuko wa udongo mwekundu Bassou alisimama, akapunguza upepo wa matairi, akatia gia nzito.

"Tushuke?" aliuliza Itto, mjane ambaye neno lake wenzake hawakulipinga.

"Kaa hapo hapo, shangazi. Sogeeni nyuma. Uzito wenu ndio kucha za gari."

"Haya, leo unene wangu umepata kazi!"

Gari likanguruma polepole, likakwepa mizizi, likafika juu. Hapo Bassou akazima injini. Desturi ya msitu ule, aliyetangulia humngoja wa nyuma.

Lahcen yeye aliwashusha abiria ili gari liwe jepesi, akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka bure. Gari likarudi kinyumenyume likaegemea mwerezi.

"Mbane sasa," Itto alinong'ona. "Aape hatakanyaga kijijini kwetu, ndipo umpe kamba."

Bassou aliipima biashara hiyo. Lahcen angeapa, shida huapisha. Lakini kiapo cha aliyenasa huyeyuka kama theluji juani. Tena abiria wake walikuwa wamesimama topeni, viatu mkononi, wanatazama. Macho yale yalikuwa na faida zaidi kuliko kiapo.

Akashuka na kamba.

"Unataka nini, kaka?" Lahcen aliuliza.

"Unyooshe usukani. Mafuta usiguse mpaka niseme."

Landrova ikavuta, gari la Lahcen likapanda, ubavu umekwaruzika. Lahcen akafungua milango. Wanawake wakampita, wakajipachika Landrovani juu ya magunia, kati ya kondoo.

"Jamani, na viti vyangu?"

"Vikalie mwenyewe, mwanangu," Itto alimjibu. "Mpaka theluji iishe."

Bassou hakugeuka. Aliwaambia wasogee nyuma. Mbele kulikuwa na mwinuko mwingine.