Sentimita Moja ya Tofali la Kizuka

Leonsi si mtu wa kusimulia mambo yake. Ukimuuliza habari za banda la kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, pale Gatete, lile lenye ukuta uliogeuzwa tofali moja moja mpaka ukawa kama mawimbi madogo, atakujibu tu, "Mumushukuru Schékinah," kisha atainama aendelee na kazi. Basi wacha wengine tuisimulie habari hiyo, maana haimvunjii mtu heshima.

Leonsi alivushwa ziwa akiwa bado ananyonya, mwaka ule watu wa pwani hii walipokimbilia Tanzania. Huko alikulia, akasoma mpaka darasa la saba, akajifunza kujenga. Alirudi nyumbani mtu mzima, ana mke, ana mwiko na pima maji, na ana Kiswahili kilichowachekesha majirani. Tangu hapo amejenga Rumonge nzima, lakini kwa kuagizwa: shika hapa, pandisha pale. Pulani, mchoro wa nyumba, ilikaa kwapani mwa wakubwa. Yeye aliiona kwa mbali tu, kama mtu anavyoona chakula cha wageni.

Schékinah ndiye wa kwanza kumpa pulani mkononi. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, wazazi wake walitoka Bukavu, naye amesomea kuchora majumba. Wanawake wanaoanika ndagala Gatete walimwomba banda lenye ukuta wa kuzuia mvua lakini upepo wa ziwa upite, kwa kuwa masika yaliyopita samaki wao walioza juu ya vichanja. Akauchora ukuta wenye matundu kwenye kompyuta yake. Kila tofali limegeuka kidogo zaidi ya jirani yake. Kwa kila safu alitoa karatasi ndefu yenye alama, ya kutandazwa juu ya ukuta, na fundi anaweka tofali penye alama.

"Papa Leonsi," alimwambia, "ukuta huu ni wako. Nimeulizia fundi mwenye mkono mutulivu, wote wametaja jina lako."

Leonsi alizikunja karatasi zile polepole na kuziweka ndani ya shati zisipate vumbi.

Safu nane zilipanda vizuri. Safu ya tisa, matofali yalipoanza kugeuka zaidi, tofali moja likacheza chini ya kiganja chake. Akalitoa, akalirudisha, likacheza tena. Ukuta ukiwa na matundu, tofali hulala kwenye ncha za wenzake wawili walio chini, na hapa ncha zilikuwa zinagusana kwa shida. Akavuta mita na kupima. Pulani ilisema tofali lina sentimita ishirini na mbili. Tofali alilolishika, lililotoka kwenye tanuri la kijiji cha Kizuka, lilikuwa na ishirini na moja.

"Jaza sima, Mutanzania," alisema Alimasi, mtu mzima mwenzake aliyekuwa akimkorogea sima, yaani saruji, na kumpitishia matofali. "Tunajaza kila siku. Nani atakuja na mita hapa?"

Na ndivyo mafundi wote wa huku wanavyofanya. Tofali likipungua, sima inaongezwa, na nyumba inasimama. Leonsi akajaza mahali pawili. Kisha akazunguka ndani, akalowesha mkono ili ausikie upepo, akauweka pale. Kwenye matundu mengine mkono ulipoa. Pale pawili haukuhisi kitu. Akaelewa kwamba akijaza mpaka juu, ukuta utasimama, atasifiwa, na mvua ikija samaki wataoza kama mwaka jana. Asipojaza, ukuta unaweza kuwaangukia wanawake.

Akaikwangua ile sima kabla haijakauka.

"Sasa unafanya nini?" Alimasi akauliza.

"Ninafikiri."

"Fikiri haraka, mimi sima yangu inaganda."

Kwa siku tatu Leonsi hakuugusa ukuta. Alijenga nguzo za pembeni, akapanga matofali kwa mafungu, akafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Jambo lililomfunga ulimi lilikuwa hili: ukuta ulikuwa na matofali elfu moja na mia mbili, kila moja limegeuka kivyake, naye aliamini kwamba Schékinah alikaa akayachora moja moja kwa mkono wake. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba kazi yake yote ni bure, kwa sababu wewe ulianza kujenga bila kupima tofali? Alijiona tayari amenyang'anywa zile karatasi, amerudi kuitwa shika hapa, pandisha pale.

Siku ya nne Schékinah akaja pamoja na Kabibi, kiongozi wa wanawake wa ndagala.

"Ukuta umelala?" Kabibi akauliza kwa sauti ya sokoni. "Papa Leonsi, mvua haitungoji sisi!"

Macho ya Leonsi yalikuwa kwenye ndara zake.

"Nimekosa," alisema. "Nimepandisha safu nane bila kupima. Tofali lako ni ishirini na mbili, la Kizuka liko ishirini na moja. Huko juu halikai. Nitabomoa mwenyewe. Lakini kuchora tena elfu moja na mia mbili, najua ni kazi ya miezi. Unisamehe, madamu."

Schékinah akaketi juu ya fungu la matofali na kufungua kompyuta yake magotini.

"Papa, mimi sikuchora elfu moja na mia mbili. Nilichora moja."

"Moja?"

"Moja tu. Nililipatia urefu wake, nikaliambia likae vipi juu ya wenzake na ligeuke kiasi gani kuliko jirani. Mengine yote yanafuata hilo. Ukibadilisha namba, yanajipanga upya yenyewe." Kisha akamgeukia Kabibi, akasema ili wote wasikie: "Kosa ni langu. Ile ishirini na mbili niliitoa kitabuni. Sikufika Kizuka."

Leonsi akainua macho. Katika miaka yote aliyojenga kwenye shantiye za watu, hakuwahi kusikia mwenye pulani akisema hivyo mbele ya watu.

"Sasa nipe namba yako," Schékinah akamwambia.

"Ziko tatu."

"Tatu namna gani?"

Hapo ulimi wake ukafunguka. Akamwonyesha yale mafungu aliyoyapanga. Matofali ya chini ya tanuri, karibu na moto, hupungua sana lakini ndiyo magumu. Ya katikati hupungua kiasi. Ya juu hubaki marefu, ila ni laini, hayafai kubeba mzigo. "Ningekuwa mimi," alisema, "mafupi yangekaa chini, marefu juu."

"Sema tena, polepole," alisema Schékinah, akiandika.

Akabonyeza. Kwenye kioo ukuta wote ukatikisika, ukajikunja, ukatulia, kama kitambaa kilichovutwa ncha.

"Yesu wangu!" Kabibi akapiga makofi. "Ukuta unacheza!"

"Kwisha," alisema Alimasi. "Mutanzania amekuwa profeseri. Kesho atanikorogesha sima kwa Kifaransa."

Leonsi alizibomoa safu nane kwa mikono yake, na Schékinah akakaa chini kumsaidia kukwangua matofali mpaka kucha zikajaa vumbi jekundu. Karatasi mpya zikaja. Baada ya wiki mbili ukuta ulifika juu, na hakuna tofali lililocheza. Mvua ya kwanza ilipopiga, wanawake walitandaza ndagala ndani, na ncha za vitenge vyao zikapepea.

Nyumbani, Leonsi anapoombea chakula hulitaja jina la Schékinah. Mkewe Evangelina alipomuuliza sababu, alisema, "Alinipokonya aibu yangu, akaibeba yeye."

Juzi simu ililia akiwa kazini. Alikuwa Schékinah. Ameombwa kuchora dispensari ndogo upande wa Nyanza-Lac.

"Papa Leonsi, bado sijachora kitu. Tofali la huko likoje?"

"Usianze kwanza," alisema Leonsi. Akaosha mwiko, akatia mita mfukoni, akashika njia ya Nyanza-Lac.