Mgeni wa Odette

Mgeni wa jirani yangu Odette hapiti kitu bila kukigusa. Wiki nzima nimemwona akitembezwa kijijini, vidole vyake virefu vya mtu wa Paris vikipapasa jiwe la kufulia lililokauka, kisha tanuri la mkate ambalo siku hizi limepandwa maua. "Hii ilikuwa ya nini, mzee?" huniuliza, na kabla sijamaliza kujibu ameshainama kuchungulia ndani. Nilimdhania mmoja wa wale watalii wa kupiga picha tu.

Jana tulikula supu kwa Odette. Nilibakiza kidogo, nikalaza kijiko kifudifudi ndani ya bakuli, nikamimina divai nyekundu mpaka kikazama. Ndivyo wazee wa hapa walivyomalizia supu; wote niliokuwa nikinywa nao hivyo wako makaburini, na nikifa mimi basi, desturi imekwisha.

"Haya, Anselme anaosha bakuli!" Odette akacheka. "Nikuletee na sabuni?"

Mgeni hakucheka. Alichukua chupa akaielekeza kwenye bakuli lake lililojaa supu.

"Ngoja, mwanangu!" nikamshika mkono. "Maliza kwanza. Bakiza kidogo tu, kijiko kifunikwe na divai."

Akanywa, akabakiza, akalaza kijiko, akamimina polepole huku pua yake ikikaribia kugusa divai. Kisha akaliinua bakuli kwa mikono miwili, akalimaliza kwa mkupuo mmoja, akajifuta mdomo kwa nyuma ya kiganja. Hilo la mwisho, walilofanya wazee wetu, sikumfundisha.

Odette akamtazama. Hakuitaja tena sabuni. Alilaza kijiko chake kifudifudi, akasogeza bakuli karibu na chupa.