Mashine ya Wifi Yangu Ilisema Mtoto Yuko Sawa

Admin, naomba ufiche jina langu na usitaje kanisa letu, maana huku Takoma Park Wakenya tunajuana hadi kwa viatu. Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, na tunaishi kwa dada mkubwa wa mume wangu, ambaye nitamwita Purity. Ndiye aliyetuleta Marekani na ndiye aliyetupa chumba. Kanisani kila mtu anamwita Sista, kwa sababu ni nesi. Au ndivyo tulivyoambiwa.

Mimba yangu ya kwanza ilipoingia mwezi wa nane, Purity alinunua kile kimashine cha kusikiliza moyo wa mtoto, unapaka jeli tumboni halafu unakipitisha. Basi nyumba ikawa kliniki. Baada ya ibada akina mama wajawazito wanapitia kwetu, wanalala kwenye kochi, wanasikia du, du, du, wanafuta machozi ya furaha, wanakula chapati na kwenda zao. Mimi nilikuwa napimwa wa kwanza.

Mwanangu alikuwa mtundu humo ndani. Nikinywa chai ya jioni tu, anaanza mateke. Nikilala ubavu, ananisukuma hadi nabadilisha upande. Halafu akabadilika. Mateke yakaisha, kukabaki kujigeuza kwa pole pole, kama mtu anayevuta blanketi usingizini. Nikanywa chai, kimya. Nikanywa maji baridi, kimya. Nilimwambia Purity, akacheka.

"Wee, usi-stress. Mtoto akikaribia kutoka lazima atulie, nafasi imeisha. Ana-prepare."

Akanipima. Du, du, du. "Umesikia? Ukienda hospitali na hizo story watakupasua bure. Hawa watu wanapenda kisu."

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri. Mbona nikimwuliza yuko wodi gani anakumbuka sufuria iko jikoni? Mbona kliniki alinisindikiza, na daktari aliponiuliza mtoto anachezaje, akajibu yeye, kwamba anacheza sana? Na mbona yeye na mume wangu wakiniona naingia sebuleni wanahamia Kikamba, wakijua mimi Mluhya sielewi hata neno? Nilifikiria mabaya, sitawadanganya. Nilifikiri Purity hamtaki mtoto wangu.

Kesho yake mchana Purity alikuwa kazini, na mume wangu, anayefanya kazi usiku, alikuwa amelala chali kwenye kochi, fulana imepanda juu. Nilikuwa na kile kimashine mkononi, nimejipima mpaka jeli imekaribia kwisha. Sijui nini kilinituma. Nikampaka mume wangu jeli juu ya kitovu, nikabonyeza.

Du, du, du.

Ule ule "moyo wa mtoto" wa kila Jumapili, uko tumboni mwa mwanamume mwenye ndevu. Siku nyingine ningecheka hadi nianguke. Siku hiyo nilikiweka kimashine chini. Nilielewa kwamba huenda nilikuwa nasikilizishwa mapigo ya damu yangu mwenyewe, si ya mtoto. Niliita teksi, nikaenda hospitali peke yangu na ndala miguuni.

Walinifunga mikanda tumboni, na nikasikia moyo wa mwanangu kwa mara ya kwanza tangu alipotulia. Ulikuwa unakwenda mbio sana, haukufanana hata kidogo na wa kwenye kochi. Kisha ukawa unashuka, unapanda, unashuka tena, na nyuso za manesi zikabadilika. Nikapelekwa upasuaji. Nilipata msichana, mdogo sana, yuko hai, ingawa bado yuko wodi ya watoto wachanga. Daktari aliniambia wazi kwamba si kweli mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa. Akipunguza kucheza, au akibadilisha namna anavyocheza, unakwenda kupimwa hapo hapo. Kimashine cha nyumbani hakikuambii kitu.

Mume wangu alikuja, akalia, ndipo akasema. "Purity si nesi. Huko kazini anaosha wazee tu. Nursing school aliacha katikati, na mathe bado anaambia watu kijijini ana binti nesi. Please, usimu-expose. Atatufukuza, na kanisani atakuwa kicheko."

Kuosha wazee si aibu. Mimi mwenyewe naosha wazee, na nusu ya kanisa letu pia. Kilichoniuma ni kwamba mume wangu alijua, akaniacha nilale pale kwenye kochi kila wiki nikiamini. Kile Kikamba chote kilikuwa cha kulinda jina la dada yake.

Ningenyamaza, labda, kwa ajili ya paa. Lakini leo dada mmoja wa kanisani, Mtanzania anayekaa Bladensburg, mimba yake ya mwezi wa tisa, amenitumia ujumbe kunipongeza, na chini ameandika: "Wangu naye katulia tangu jana, ila Sista kanipima, moyo unadunda vizuri tu."

Nilimjibu papo hapo aache kila kitu aende hospitali. Akanijibu: "Sista kasema wewe uliogopa bure, ukakimbilia kisu." Nampigia, hapokei. Mume wangu amekaa pembeni ya kitanda changu, ananiambia nilichosema kinatosha, nisiseme zaidi.

Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini ili aniamini, hata kama nitarudi na kukuta mabegi yetu yako nje?

Na wewe dada, kama unapitia ukurasa huu, unajijua. Mashine iliyokupima wewe nilimpima nayo mume wangu. Naye pia ilimwambia mtoto yuko sawa. Amka, uende.