Kitenge cha Kumbebea Mjukuu

Mwanangu wa mwisho alipohamia Mpanda mjini na mkewe na mtoto wao, mke wangu alivumilia kimya mpaka siku aliyomsikia mjukuu analia kwenye simu. Hapo akafungua sanduku, akatoa kitenge ambacho watoto wetu wote walibebewa, akakifua na kukianika. Nilipotoka kanisani jioni akanikabidhi kikiwa kimekunjwa.

"Utakwenda kumchukua," aliniambia. "Wakishajipanga vizuri, watamfuata."

Sikumpinga. Kwetu Mamba si ajabu mtoto wa kwanza kulelewa na bibi yake. Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi kwa fundi wa kuchomelea mageti, na wamepanga chumba kimoja Kashaulili, mahali ambapo hawana ndugu hata mmoja. Mtoto naye ndiyo kwanza anajifunza kuongea. Niliwapigia kuwaambia nakuja na kwa nini nakuja, nikasali, nikachukua kitenge na mchele wa shambani kwetu, nikapanda basi.

Njiani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbung'o wa hifadhini, niliwaza jambo jingine. Mkwe wangu ni binti wa wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Kwao mke hamzoei baba mkwe. Humsalimu kwa mbali, hali naye, wala hamsemeshi uso kwa uso. Mafundisho ya ubatizo nilimfundisha mimi mwenyewe, maana nimekuwa katekista tangu ujana, na darasani alikuwa akijibu kwa sauti kuliko wenzake wote. Alipoolewa na mwanangu, sauti ile ikanifungia mlango. Sikuona vibaya, nikashukuru kwamba amelelewa. Lakini chumba ni kimoja. Baba mkwe atalala wapi? Nikajiambia kwamba hilo peke yake litamaliza maneno: nyumba isiyo na pa kumweka mgeni haijawa tayari kulea mtoto.

Mwanangu alinipokea stendi, tukaenda kwenye uwanja wao wenye vyumba vya wapangaji kuuzunguka. Mkwe wangu alipiga magoti mlangoni, akanisalimu akitazama chini, akaenda jikoni. Mtoto hakunikimbilia. Alitoka kwa jirani na kipande cha muhogo, akapita mbele yangu kama mtu mwenye shughuli zake, akaingia mlango mwingine bila hodi.

Nikamuuliza mwanangu kule kaingia kwa nani.

"Kwa fundi cherehani. Hata sisi tunamtafuta, baba. Uji anakunywa kwa huyu, usingizi analala kwa yule." Akacheka. "Hicho kilio mlichosikia kwenye simu, tulikuwa tunamtoa kwa watu arudi kwetu."

Jua lilipoanza kushuka alinipeleka nyumba ya pili, kwa mama mmoja mjane ambaye ni mwenyekiti wa jumuiya yao ya sala. Nilikuta kitanda kimetandikwa, neti imefungwa, maji ya kuoga yamepashwa, hata kandambili zipo. Nilishangaa, kwa kuwa mama yule hatukuwahi kuonana.

"Mkwe wako alinijia mapema," alisema. "Akaniambia, 'Baba mkwe wangu anakuja na sina pa kumlaza. Nisaidie nisiaibike.' Nikamwambia baba yako ni baba yetu." Kisha akanikazia macho. "Ila mchele uliokuja nao nimeuona, mzee. Usidhani utalala bure."

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya wanangu. Wageni wa mji, na tayari wamepewa zamu. Viti vilitoka kila mlango, hakuna kilichofanana na kingine. Mtoto alizunguka akipokea ishara ya msalaba kutoka kwa kila mtu, akiirudisha kwa mkono wa kushoto. Ulipofika wakati wa somo, mkwe wangu alisimama na Biblia.

Ilikuwa sauti ile ile ya darasani. Hakuwa akinisemesha mimi, alikuwa akiwasomea watu wote, kwa hiyo desturi ya kwao haikuguswa, na mimi nilisikia kila neno. Nilitazama miguu yangu ili watu wasione uso wangu.

Baada ya sala nilikuwa na kile kitenge mapajani. Mkwe wangu alikiona akakijua. Alimshika mtoto mabega, akapiga magoti nyuma yake, uso ameugeuzia ukutani, akamsemesha mtoto.

"Mwambie babu tunamshukuru kwa safari. Mwambie bibi ana haki ya kukutaka. Lakini wewe ukiondoka, sisi hapa tutabaki wapangaji tu. Hii milango yote umetufungulia wewe."

Mwanangu aliinamisha kichwa. Mtoto akanitazama, akafikiri, akasema, "Babu, muhogo."

Watu wakacheka, na mkwe wangu akacheka hukohuko ukutani. Nilimvuta mjukuu, nikampandisha magotini.

"Mwambie mama yako babu amesikia. Utabaki. Bibi nitamwambia mimi. Na mwambie, mimi niliyemfundisha kusali leo nimesalishwa naye."

"Kwa bibi ndiko una kazi," mwenyekiti akaniambia.

Niliondoka kesho yake baada ya misa. Kwenye basi mwanangu alinipa kitenge kimefungwa fundo kubwa, akasema mkewe amenituma kwa bibi. Mama watoto alikuwa akinisubiri kituoni kwetu, na aliponiona nashuka peke yangu hakunipa pole ya safari. Alilipokea fundo, akalifungua palepale. Ndani kulikuwa na dagaa wakavu wa Karema, wasafi, wasio na mchanga.

"Nilikutuma mtoto," alisema, "wewe umeniletea dagaa."

Nilimweleza yote tulipofika nyumbani, tangu kandambili mpaka muhogo. Alisikiliza huku akipepeta dagaa ambao hawakuhitaji kupepetwa.

"Alisoma bila kukwama?" aliuliza.

"Hakukwama hata neno."

"Mbele ya watu wa mjini?"

"Mbele yao wote."

Baadaye jirani alipiga hodi, akauliza kama mjukuu amekuja. Nilikuwa ndani, nikamsikia mke wangu akijibu, na kwa sauti yake nilijua amenyoosha shingo.

"Hajaja. Ana watu wengi mno huko Mpanda, hawawezi kumwachia."