Zamu ya Mheshimiwa DC

Kwa miaka kumi na moja mama yangu aliwaambia watu wa Mpui kwamba mimi ni nesi Dar es Salaam. Uongo huo haukumponyoka. Aliupalilia kila msimu pamoja na ulezi wake. Kila nikirudi likizo nilikuta watu wamekaa ukumbini wananisubiri, huyu mgongo, yule macho, mwingine mguu haukanyagiki. Mimi nikiona damu natafuta pa kukaa. Niliwaambia wote wanywe maji mengi, wakashukuru, wakaondoka.

Simlaumu sana. Kazi yangu ni kuimba soprano, ile sauti nyembamba ya juu kabisa, na ninachoimba ni muziki uliotungwa karne tatu zilizopita kwa ajili ya makanisa na majumba ya wafalme wa Ulaya. Hebu jaribu kumweleza mtu hilo kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kwetu waimbaji ni wa aina mbili: wa kwaya, ambaye ana kazi nyingine, na wa baa, ambaye hasemwi mbele ya watoto. Mama aliona binti yake hayumo huku wala kule, akanivisha gauni jeupe.

Si kwamba Dar wananielewa. Wakisikia naimba wanauliza, "Gospo au bongo fleva?" Nikijibu hakuna hata kimoja, wananipa pole. Naimba kwenye hafla za mabalozi, ambako wageni hunisikiliza kwa makini mpaka sambusa zitoke. Hiyo ndiyo sanaa yangu, na naipenda kuliko ninavyopenda kukiri.

Basi mwaka jana parokia moja ya Sumbawanga mjini ilijenga ukumbi, nikaalikwa kuimba siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi alikuwa Mkuu wa Wilaya. Nilimpigia mama simu nikamwomba aje.

"Nitakuja nisikie mara moja," alisema. "Nikiona ni kazi, nitawaambia watu ni kazi. Nikiona ni kelele, utabaki nesi."

Ninamjua mama. Hukumu yake haina rufaa.

Nilichagua wimbo ninaouimba vizuri kuliko kitu kingine chochote ninachokijua duniani. Una sehemu mbili, halafu unarudi kwenye ile ya kwanza, na safari hii mwimbaji anaipamba kwa kadiri ya uwezo wake: anapanda, anashuka, anazungusha neno moja mpaka lipendeze. Uwezo wa mtu unaonekana kwenye kurudi huko. Mtunzi hakupoteza wino kuandika jambo lilelile mara mbili. Aliweka herufi mbili tu mwishoni mwa ukurasa, D.C., kifupi cha maneno ya Kiitaliano yanayomwambia mwimbaji arudi mwanzo.

Katibu wa kamati ya maandalizi alikuwa mwalimu mstaafu, mtu anayetumia rula hata kwenye barua ya rambirambi. Aliniomba karatasi za wimbo ili ratiba yake iwe kamili. Nikampa. Alipozirudisha alikuwa amefurahi sana.

"Mwanangu, hawa wazungu wamejipanga," alisema. "Wameweka hadi nafasi ya viongozi."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Nilipaswa kuuliza.

Siku ilifika. Mama alikaa safu ya tatu na kitenge chake cha Pasaka, uso mkavu kama yuko mahakamani. Kinanda kilipigwa na fundi cherehani wa Mazwi, mwanakwaya wa miaka mingi anayejua nota kuliko wengi waliozisomea. Niliimba sehemu ya kwanza vizuri. Nikaimba ya pili, ya huzuni, na ukumbi ukanyamaza kabisa, hata akina mama wa jikoni waliacha kugonganisha sufuria. Nikavuta pumzi nirudi.

"Asante sana dada yetu!" MC alipaza sauti kwenye kipaza sauti, kidole kikiwa juu ya ratiba. "Na sasa, kama ilivyoandikwa, wote tusimame tumkaribishe Mheshimiwa DC!"

Vigelegele vikalipuka. Fundi wangu, mtu mwaminifu kwa karatasi, alikuwa ameshaona D.C. na kurudi mwanzo. Mheshimiwa akadhani muziki ule ni wake. Akatembea kwa kuufuata, hatua kwa hatua, mpaka jukwaani, akanipa mkono, akanishukuru kwa "wimbo mzuri wa Kizungu", kisha akatuhutubia kuhusu vyoo bora, utoro shuleni na kofia za bodaboda. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale na pumzi yangu. Nikaitoa, nikaenda kukaa.

Nililia chooni, na wala sioni haya kulisema. Katibu alinifuata mlangoni kunipongeza kwa kutunza muda.

Tulirudi Mpui na mama. Kesho yake asubuhi alikaa uani na ungo wa maharage, akaanza kuchambua. Nilijua ndipo hukumu inaposomwa.

"Mbona hukurudi?" aliuliza.

"Kurudi wapi, mama?"

"Kule mwanzo. Ulitoka nyumbani ukaenda mpaka kule kwenye huzuni, halafu yule bwana akaja na vyoo vyake. Wimbo umebaki njiani."

Nilisoma miaka sita kuelewa jambo hilo. Yeye alilipata kwa kusikia mara moja, kwenye kiti cha plastiki. Nilikasirika kidogo, kisha nikafurahi.

"Haya," akasema, "malizia."

Nikasimama kati ya kuku na kamba ya nguo, nikarudi mwanzo na mapambo yote, hata yale ninayoyaogopa. Nilipofika juu kabisa jirani yetu alitokea mbio, mikono imejaa unga, akamwuliza mama.

"Shikamoo dada! Kuna nini? Nesi kapatwa na nini?"

Mama hakuinua macho kwenye ungo.

"Nesi gani? Hapa hakuna nesi. Huyu ni mwimbaji, ndiyo kazi yake. Kaa hapo, nyamaza, hajamaliza."

Jirani akakaa. Nilipomaliza, akamgeukia mama.

"Sasa yale maji yote niliyokunywa?"