Mawe ya Bibi Chini ya Nyasi

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipigia simu kutoka Mombo. Akasema nitapata wageni, mzee mmoja mstaafu wa Moshi na mkewe, wanazunguka nchi na gari lenye kitanda, jiko na sinki ndani yake. Vyumba vyangu hawavihitaji. Wanataka mahali pa kuegesha tu, wiki nzima. Mimi nyumba hii ya wageni nimeijenga kwa kabichi na karoti, shule niliishia darasa la tatu, na sijawahi kumrudisha mgeni. Nikamwambia waje. Halafu nikatoka nje, nikautazama uwanja wangu wa nyasi na mawingu yaliyoanza kujaa, nikajiuliza gari zito namna hiyo litasimama wapi lisizame.

Nikamwita fundi. Akanipa shikamoo yake vizuri, akatoa futi, akapima. Akasema tung'oe nyasi zote, tumwage kokoto na zege. Gharama aliyonitajia ilinifanya nitafute pa kukaa.

"Fundi," nikamwambia, "umewahi kuona lori likiingia jikoni?"

"Hapana, mama. Hilo lenu lilikuwa na njaa?"

Nikamwambia akae nimweleze. Na wewe unayenisikiliza, kaa.

Bibi yangu ndiye aliyenilea, papa hapa. Huku kwetu milimani ardhi tambarare huikuti, unaitengeneza, na yeye alikuwa na kipande kimoja tu mbele ya nyumba yake ya udongo, kimeota nyasi fupi zilizoliwa na ndama. Pembeni lilikuwa jiko. Nikifumba macho bado nasikia harufu yake, moshi wa kuni za miwati na maharage yanayochemka tangu asubuhi. Msimu wa mapeasi wanawake walishuka na matenga kichwani hadi barabara kuu, na nusu ya mapeasi yalifika yamepondeka.

Jirani yetu mmoja akapata lori. Lori la kwanza kijijini. Nilikuwa na hamu nalo kuliko chakula. Nililizunguka, nikanusa matairi, nikataka kujua maji wanayolimwagia mdomoni yanaenda wapi. Jirani akamwomba bibi lilale uwanjani kwake, lipakiwe pale, watu wasishuke tena na matenga. Bibi akakubali.

Sasa, mimi nilikuwa nimefundishwa kama msichana yeyote wa hapa kwamba uwanja wa mwanamke safi hauoti nyasi. Unaparua, unafagia, udongo unang'aa. Mgeni mkubwa kama lori atakaribishwaje kwenye manyasi? Bibi alipokwenda sokoni nikachukua jembe, nikaparua uwanja wote. Nikaufagia mpaka ukawa kama sahani. Aliporudi lori lilikuwa limeshapandishwa, wanawake wanapakia. Alisimama na kikapu chake, akautazama udongo ule mwekundu.

Mvua ikanyesha mchana uleule. Haikuwa kubwa. Lori limejaa mapeasi ya kijiji kizima, na mbele ya macho yetu likaanza kwenda lenyewe, taratibu, kiubavu, kama ng'ombe anayekataa zizi. Likaegemea jiko. Ukuta ukalala, na chungu cha maharage nacho. Hakuumia mtu, lakini mapeasi yasingefika Mombo siku ile, na peasi lililoiva halisubiri.

Jirani akashika kichwa. Akasema atalirudisha lori bondeni, mlima umelikataa. Wanawake wakanigeukia mimi na jembe langu, mmoja akaniuliza kama kesho nitauparua na mlima wenyewe. Nilitamani ukuta ule ungenifunika.

Bibi akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia. "Umeunyoa mlima nywele, sasa unashangaa kichwa kinateleza?"

Siku ile watu walishusha mapeasi kwa kichwa kama zamani. Kesho yake bibi akaitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo mwenye shida anapika na majirani wanaleta mikono. Alipima upana wa matairi kwa kamba ya mgomba. Hakutaka uwanja wote uguswe. Akachimba mifereji miwili tu, pale magurudumu yanapopita, akamwaga mchanga wa mtoni, na juu yake mawe bapa yaliyopangwa moja moja. "Jiwe likae sawa na nyasi," alituambia. "Likizidi linakutoa kucha, likipungua maji yanatuama." Upande wa juu akakata mtaro wa kuyapeleka maji kwenye migomba. Sisi watoto tulibeba mawe kutoka mtoni, na mimi nikapewa kazi ya ziada, kurudisha nyasi nilizozing'oa, pande kwa pande, kwa mikono, nikizikandamiza kwa nyayo. Nilimaliza kucha zangu zote. Lori likapanda, likalala pale miaka mingi, halikusogea hata siku moja.

Fundi akanisikiliza, akauliza mawe yenyewe yako wapi. Swali zuri. Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nikaleta mtaimbo, tukaanza kuuchomeka ardhini hatua kwa hatua. Mara ukalia, ko. Tukasogea, ko. Chini ya nyasi, kina cha kiganja, mstari mzima ulikuwa umelala pale. Baadaye tukapata na wa pili. Ila gari la wageni ni jembamba kuliko lori, kwa hiyo gurudumu la upande mmoja lilikaa kwenye mstari wa bibi, na la upande wa pili tukalipangia mstari mpya kwa mawe ya shambani na mchanga. Kazi ya siku moja, na sufuria moja ya maharage. Fundi akataka kung'oa mawe ya ule mstari uliobaki ayatumie. Nikamkatalia.

Wageni wamekuja, mvua imenyesha siku nne, gari halijatikisika. Lori liliuzwa vyuma chakavu zamani. Jirani hayupo, bibi hayupo, na wanawake wale waliojua jiwe linalala ubavu gani wamekwisha wote. Nimebaki mimi, yule aliyeharibu.

Jana asubuhi mke wa mgeni aliteremka garini na kikombe cha chai, akanikuta nimeinama kwenye ule mstari usiotumika, nafunua nyasi kwa vidole. Akaniamkia, akaniuliza nimepoteza nini.

"Sijapoteza," nikamwambia. "Kuna mawe humu niliyabeba mimi. Nataka kujua ni yapi."

Akaweka kikombe chini, akainama na yeye.