Mtego wa Nyembe

Miaka kumi na tisa nimesugua vioo vya maabara hapa New Jersey, na hakuna aliyewahi kuniuliza ninaonaje. Wakubwa wetu huchemsha gesi ndani ya pipa kubwa la chuma mpaka joto lake linalipita la jua. Kipimajoto ukikitia humo kinageuka moshi. Kwa hiyo wanapitisha mwanga wa leza. Kiasi kidogo mno hutawanyika unapoigonga gesi, na kwa rangi za hicho kidogo wanasoma joto. Kazi ipo kwenye mwanga unaobaki: ukigonga ukuta wa pili hurudi na kuenea pipa zima, na kile kidogo hakionekani tena. Dakta Whitlock, mmoja wao, alipaka pale ukutani rangi nyeusi. Leza ikaibabua siku ileile.

Mimi hukwangua madoa kwa nyembe zenye makali upande mmoja. Zifunge mia pamoja, uzitazame upande wa makali: huoni chuma, unaona giza la kisima. Mwanga ukiingia humo hautoki. Nikamwonyesha Whitlock.

Akacheka. "Mama Budzik, hapa si kwa kinyozi."

Wiki mbili baadaye nyembe zangu zilikuwa ndani ya kisanduku chenye kibao: Mtego wa Whitlock.

Nikamwendea Hruska, mkuu wa karakana. Alikuwa na kiti kitupu nilichokililia miaka mingi.

"Roz, ingejulikana ni wako, Jumatatu ungeweka ufagio chini," alisema. "Lakini daktari kasema ni wake. Nifanyeje?"

Wakaja wageni kutoka Washington. Asubuhi hiyo Whitlock alizitoa nyembe, akazifuta mwenyewe ili zipendeze, akazirudisha. Nikapita na ufagio, nikachungulia. Kaziweka kinyume! Migongo ya nyembe, inayong'aa kama vijiko, ndiyo ilielekea leza. Nikajitia hamnazo, nikaendelea kufagia.

Tukakusanyika chumba cha mitambo, mimi mlangoni na birika la kahawa. Leza ikapigwa. Mstari unaopima mwanga ukaruka ukatoka nje ya kioo cha mtambo. Wakarudia, vilevile. Kola ya Whitlock ikaanza kulowa jasho.

"Mama, umegusa kile kisanduku?"

"Mimi wa kwa kinyozi? Nathubutu wapi, daktari!"

Hruska akanikazia macho. "Roz, unajua kina nini."

"Bosi, muulizeni mwenye kibao."

Mgeni mmoja, bibi mwenye mvi, akaweka kikombe chini. "Kwani kilibuniwa na nani?"

Whitlock akatazama viatu vyake. "Wazo... wazo lilitoka kwa Bi. Budzik."

"Sema kwa sauti, daktari. Masikio yangu yamejaa vumbi la humu."

"Ni chake! Kisanduku ni chake, toka mwanzo!"

"Umesikia, bosi?"

"Nimesikia, Roz. Nenda basi, mwanamke, usituue!"

Wakazima umeme, nikaingia, nikakigeuza kifurushi cha nyembe kwa vidole viwili. Leza ilipopigwa tena, kile kilima kidogo cha mwanga kikachomoza kwenye kioo, peke yake, safi. Bibi wa mvi akanipigia makofi. Whitlock akajimiminia kahawa, nayo ilikuwa imeshapoa.

Hakuniomba radhi mpaka leo, wala sikuitaka radhi yake. Jumatatu niliketi kwenye kiti cha karakana, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukikwangua kile kibao. Wembe sikuhitaji kuutafuta.